Msaada: Apache imegoma poti 80, na upau wa pembeni sioni pa kuupangia

Kijana_Majengo: Wakuu, habarini. Niko Moshi, natengeneza tovuti ya kikundi cha vijana wanaopandisha wageni mlimani. Bando linakwisha haraka mno, kwa hiyo naijenga kwanza kwa WordPress kwenye laptopu, nikitumia XAMPP, kifurushi kinachoigeuza laptopu kuwa seva.

Wiki hii Apache, yaani seva yenyewe ya XAMPP, imegoma kuwaka, naambiwa poti 80 (mlango wa kawaida wa tovuti) inatumiwa na PID 4, namba ya programu nyingine. Nikaingia httpd.conf, faili la mipangilio ya Apache, Listen 80 nikaifanya Listen 8080, ikawaka. Ila nikiandika localhost:8080/mlima (localhost ni laptopu yenyewe), kivinjari kinanirudisha localhost/mlima na hakifunguki kitu.

La pili, nataka upau wa pembeni wenye njia za kupandia (Marangu, Machame, Lemosho, Rongai) na namba ya simu. Natumia mandhari (theme) ya Twenty Twenty-Four, lakini kwenye menyu ya Muonekano sioni Wijeti, pale pa kupangia vitu vya pembeni. Naombeni msaada, wenzangu wananisubiri.

Fundi_Mianzini: Pole mkuu. PID 4 ni Windows yenyewe. Mara nyingi ukiiona hapo, ujue IIS imewashwa, ile seva inayokuja na Windows, na imeiwahi poti 80. Fungua services.msc, tafuta World Wide Web Publishing Service, isimamishe. Utarudi 80 bila shida.

Ukiamua kubaki 8080, Apache haina kosa tena. WordPress imehifadhi anwani ya zamani kwenye hifadhidata, ndiyo maana inakurudisha. Kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, juu ya mstari unaoita wp-settings.php, ongeza:

define('WP_HOME', 'http://localhost:8080/mlima');
define('WP_SITEURL', 'http://localhost:8080/mlima');

Binti_Kijenge: Kuhusu wijeti usihangaike kutafuta. Twenty Twenty-Four ni mandhari ya vitalu (blocks), kila sehemu ya ukurasa unaipanga kwa vipande, ukurasa wa Wijeti haina. Ingia Muonekano, Mhariri, Violezo, chagua kiolezo cha kurasa, weka kitalu cha safu mbili. Ile nyembamba ndiyo upau wako. Ukitaka mtindo wa zamani, tafuta mandhari yenye upau na uweke programu-jalizi ya Classic Widgets, kwa sababu tangu toleo la 5.8 la WordPress la mwaka 2021 hata wijeti zenyewe zimekuwa vitalu.

Baba_Ngaramtoni: Vijana wangu, namba ya simu msiiweke pembeni. Mgeni akifungua kwa simu, safu hizo zinapangwa moja chini ya nyingine, na upau unaangukia mwisho kabisa wa ukurasa. Namba ikae juu, karibu na jina la kikundi. Pembeni ziache njia, na kila njia iwe na neno lake: Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala, kwingine ni mahema. Hilo wageni huuliza mapema sana.

Kijana_Majengo: Shikamoo baba, nimekuelewa, namba nimeipandisha juu. Fundi, ile mistari miwili imekubali, nabaki 8080. Sasa nitaionaje kwenye simu kabla haijaenda hewani?

Fundi_Mianzini: Zima data ya simu, Windows isije ikajipakulia masasisho, kisha washa hotspot ya simu na uunganishe laptopu kwenye Wi-Fi hiyo. Kwenye laptopu fungua Command Prompt, andika ipconfig, chukua namba ya IPv4, ndiyo anwani ya laptopu kwenye mtandao huo, iweke badala ya localhost kwenye ile mistari miwili. Windows ikiuliza kuhusu Apache, iruhusu. Kwenye simu andika namba hiyo, :8080, halafu /mlima. Siku ya kuipandisha mtandaoni, weka anwani ya kweli kwenye mistari hiyo, la sivyo wageni watatafutiwa laptopu yako.