Kutembea hadi Santiago mwezi wa kumi: nipunguze nini begini?

MamaNeema_Moshi: Tumsifu Yesu Kristu. Oktoba naenda kuhiji Hispania na wanajumuiya wenzangu, kwa miguu kutoka Sarria hadi Santiago de Compostela, zaidi ya kilomita 100. Mazoezi ni kupandisha Kibosho kila Jumamosi. Begi limejaa masweta na limeshakuwa zito. Nitoe nini?

Mpagazi Mstaafu: Milele amina, mwanangu. Mizigo ya watalii nimeibeba mlimani hadi nikastaafu, kwa hiyo nisikilize. Begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Bakiza sweta moja. Galicia, jimbo lenye Santiago, msimu huo ni mvua, na sweta likilowa ni mzigo tu. Tafuta koti la mvua pale soko la mitumba la Memorial, ila ligeuze ukague mishono: utepe wa ndani ukibanduka, liache. Jinzi usibebe kabisa, haikauki. Soksi ziwe za sufu. Za pamba hushika jasho, zikisugua unapata malengelenge. Na viatu utakavyovaa huko ndivyo upandie Kibosho kuanzia sasa, tafadhali sana mama.

Dada_Soweto: Pasi ya hujaji, kile kijitabu cha kugongewa mihuri njiani, iweke kwenye mfuko wa nailoni. Gonga mihuri miwili kila siku, ndipo upewe cheti cha Compostela.

MamaNeema_Moshi: Asanteni mno. Shikamoo mzee. Biblia kubwa ya marehemu mama je?

Mpagazi Mstaafu: Marahaba. Beba rozari yake, Biblia ibaki nyumbani.