Mjadala: Jina lako linaharibika unapotangaza vita, au unapokataa kusimama?

Mleta mada (Ipagala):

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Nina hoja, naomba tuijadili kwa uzito wake.

Jumamosi tulikaa wanne sebuleni, laptopu nne mezani na sahani ya zabibu za Hombolo katikati, tunacheza Civilization VI yenye nyongeza ya Gathering Storm ya mwaka 2019, mchezo wa kompyuta ambao kila mmoja anaongoza taifa lake, anajenga miji, anafanya biashara na kupigana na majirani kwa zamu. Mwenzetu wa Nkuhungu alimpiga jirani yake, mmoja wa wale wanaoendeshwa na kompyuta, kwa kufuata taratibu zote. Alimshutumu hadharani, akasubiri zamu 5, akatangaza vita rasmi. Akateka mji wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tangu hapo hakuna kiongozi aliyekubali kununua chumvi yake hata kwa bei ya hasara. Kila akifungua mazungumzo anakutana na uso uliokunjwa. Akasema mchezo umemwonea, kwa sababu vita alivitangaza kihalali.

Mimi nasema hajaonewa. Mchezo unahesabu manung'uniko, yaani alama za kosa ulilomfanyia mwenzako: vita vya kushtukiza vinampa unayempiga manung'uniko 150 dhidi yako. Vita rasmi vinampa 100. Hesabuni wenyewe: zile zamu 5 za kusubiri zinapunguza deni, hazilifuti. Kisha kila mji unaouteka unaleta deni lake juu ya lile la kutangaza, na hapo ndipo wengi tunapoumia bila kujua. Viko vita ambavyo kuvitangaza hakukugharimu kitu: kurudisha mji wako ulionyang'anywa, kukomboa mji wa rafiki au mshirika wako, kuutetea mji-dola (mji mdogo unaojitawala wenyewe) ulio chini ya ulinzi wako. Vyote vinaanza na kosa la mwingine. Waliotengeneza mchezo wanauliza swali ambalo mzee yeyote wa baraza angeuliza: amekufanyia nini?

Yamenikuta na mimi. Niliwapanga wapiga mishale mpakani kwa jirani, safu nzima, mchana kweupe. Akaniuliza wanafanya nini pale. Majibu yaliyopo ni kwamba wanapita tu, au kwamba ndiyo, nimekuja kupigana. Nikabonyeza kwamba wanapita tu, na baada ya zamu chache nikavamia. Mji niliupata. Lakini nilikuwa nimetoa ahadi na nikaivunja, na wale waliokuwa marafiki zangu walianza kunishutumu mmoja baada ya mwingine. Ningekubali tangu mwanzo kwamba nimekuja kupigana, nisingebeba mzigo wa uongo juu ya mzigo wa vita.

Sasa hoja yenyewe. Naamini kinachoharibu jina ni kuendelea kupiga baada ya sababu kwisha, kuliko hata kule kutangaza. Ukidai mji wako mmoja, chukua mji wako mmoja, funga mkataba. Napendekeza iwe sheria ya meza yetu: kabla ya kutangaza vita mtu aseme anataka nini, na akikipata asimame. Mnasemaje?

Mchangiaji (Kisasa):

Kaka, nakuheshimu, lakini hapa nakupinga. Sisi Watanzania tunalo somo letu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka, yakaukalia upande wa Kagera ulio kaskazini ya mto, na Amin akatangaza kwamba ni sehemu ya Uganda. Mwalimu alipohutubia taifa Novemba alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Sababu ilikuwa ardhi yetu, na hakuna aliyeweza kutunyooshea kidole. Sawa, tukawatoa. Kwa sheria yako tungesimama mpakani. Je, Amin angetulia? Jeshi lilikuwa bado lake, na Libya ilimletea askari. Tulivuka, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Adui uliyemwacha na majeshi yake unamkuta tena mlangoni. Hata kwenye mchezo, ukifunga mkataba mapema anajenga kuta, ananunua askari, anarudi.

Mleta mada:

Nashukuru kwa kulileta hilo, ndilo hasa lililokuwa kichwani mwangu. Ila limalizie, ndugu yangu. Kwenye mkutano wa wakuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mjini Monrovia, Julai 1979, Mwalimu alilaumiwa waziwazi na baadhi ya viongozi wenzake. Hawakumlaumu kwa kuikomboa Kagera. Walimlaumu kwa kwenda Kampala, maana katiba ya OAU ya mwaka 1963 ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Yeye mwenyewe aliona tofauti hiyo, ndiyo maana alieleza kwamba pale palikuwa na vita viwili: vya Watanzania kumwondoa mvamizi, na vya Waganda kumwondoa dikteta wao. Mtu asiyeona kwamba sababu ya kwanza ilikuwa imekwisha asingehitaji kuitaja ya pili.

Sisemi alikosea. Mimi naamini alifanya sawa. Ninachosema ni kwamba hata aliyefanya sawa alilipa, na alikubali kulipa akijua. Mwenzetu wa Nkuhungu anataka miji mitatu na chumvi yake inunuliwe.

Mchangiaji (Bahi):

Mimi nina jambo la kiutendaji. Mnayazungumzia manung'uniko kana kwamba ni alama nyeusi kwako peke yako. Ule ni mzani mmoja kati yako na mwenzako. Akikukosea, unaegemea upande wako. Ukimkosea, unarudi kwake. Kwa hiyo usikimbilie kushutumu. Akihubiri dini yake kwenye miji yako, mwambie aache. Akijenga miji karibu nawe, mwambie aache. Akiahidi na akavunja, mzani umekuegemea, na vita utakavyotangaza vinaanza kwa kula akiba hiyo kwanza. Na angalieni mnaowaita marafiki: mkishatangaza urafiki, zamu 30 huwezi kumgusa. Nimeona watu wanatangaza urafiki na jirani wanayepanga kumpiga, halafu wanabaki kusubiri na jeshi linakula mshahara.

Halafu kabla ya kupitisha jeshi kwa mtu, ombeni njia. Hapa Ugogo misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Tabora ilikuwa ikilipa hongo kwa watemi ili ipite na ichote maji. Wageni walinung'unika sana kwenye vitabu vyao, lakini walilipa, kwa sababu maji yalikuwa ya wenyewe.

Mchangiaji (Kisasa):

Kwa hiyo wewe wa Bahi unamfundisha mtu atege makosa ya mwenzake?

Mchangiaji (Bahi):

Hapana, sitegi. Namwambia aache. Akiacha, hakuna vita, nami nimefurahi. Mimi jirani anayeacha namtaka kuliko mji wake.

Mleta mada:

Hapo umenigusa. Naongeza kwenye pendekezo langu: asiyewahi kumwambia jirani yake aache, asitangaze.

Mchangiaji (Nkuhungu):

Ndiye mimi mnayemsema tangu juu. Nimesoma yote. Ni kweli sikumwomba aache kitu chochote, kwa sababu hakuna alichonifanyia. Nilitaka bandari tu. Jumamosi mji wa pili na wa tatu nitairudisha kwenye mkataba, tuone mzani utasogea kiasi gani. Wa bandari siuachii, na nitakubali wakininunia kwa ajili ya huo mmoja.