Naomba ushauri: waipa za kuhimili baridi ya Minnesota

Wakuu, salaam. Niko Minneapolis, naendesha Corolla zamu za usiku, na waipa zimenishinda. Barafu inaganda kwenye viungo vya fremu, mpira unakakamaa, na katikati ya kioo unabaki ukungu usiofutika, hasa lori likikurushia tope la theluji lenye chumvi. Maji ya kioo natumia yale yasiyoganda, hapo sina shida.

Najua zile bapa zisizo na viungo, kama Bosch Icon, hazishiki barafu kirahisi. Za silikoni za PIAA nazitamani, ila bei imechangamka! Aliyezitumia msimu mzima wa theluji, zinalipa? Au nichukue za winta zilizofunikwa mpira fremu nzima, nizivue kiangazi?