Mkopo wa mtandaoni umenidhalilisha kwa ndugu na wateja, nifanyeje?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kichwa hakikai sawa. Mimi nauza dagaa hapa Kigoma, nanunua mwaloni Kibirizi naanika. Mtaji ulikata nikapakua apu ya mikopo niliyoiona kwenye tangazo, nikaomba 80,000 wakaniingizia 52,000 eti nyingine ada, narudisha 80,000 ndani ya siku 7. Ikaingia mbalamwezi, mitumbwi haikutoka, sina dagaa sina hela. Siku ya 8 asubuhi mama mkwe ananipigia analia, katumiwa picha yangu ile nimeshika kitambulisho, juu wameandika TAPELI ANATAFUTWA. Kumbe wametuma kwa namba zote za kwenye simu yangu, mpaka mwalimu wa mwanangu na mteja wangu wa Kasulu. Nikiwabloku wanakuja na namba nyingine. Nilipe? Nibadili laini? Sheria inanilinda au ndo basi?

Mjomba_Mwanga: Pole sana dada. Futa apu, badili laini, watachoka wenyewe.

Nuru_KG: Hapana asifute kwanza! Namba za watu walishazinyonya siku ile alipobonyeza ruhusu, ziko kwao tayari. Dada piga skrinshoti meseji zote, namba na saa vionekane, na waliotumiwa waambie wasifute, huo ndo ushahidi wako.

Mwanasheria_mtaani: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23 inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha au kumsumbua, faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote. Ipo pia ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hapa wengi hawajui, mama mkwe hakuruhusu namba yake ichukuliwe na mtu yeyote, kwahiyo hata yeye anaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Babu_Ujiji: Mwanangu sheria ipo ila hawa hawana ofisi, hawana jina, pengine seva yenyewe iko nje ya nchi, polisi wamkamate nani? Lakini laini wanazokupigia ni za hapahapa na zimesajiliwa kwa alama za vidole, waanzie hapo. Kachukue RB, ile namba ya taarifa unayopewa polisi ukiripoti.

Nuru_KG: Na ile 52,000 aliichukua kweli, arudishe. Ila usitume kwa namba ya mtu binafsi, mimi nilituma wakasema haijaonekana nikalipa mara 2.

Mleta uzi: Asanteni sana. Skrinshoti zimefika 31. Mama mkwe nimemfuata nimemweleza mwanzo mwisho, kumbe meseji hajafuta, kesho asubuhi tunaenda polisi wote.