Kocha wa soka chuoni Marekani akiboronga msimu, kibarua kinaota nyasi au anavumiliwa?

mzazi_namba8

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa mnaolijua soka la vyuo huku Marekani, maana mi kichwa kinaniuma. Kijana wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, kiungo mkabaji, amesaini mwezi huu na chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza, ataripoti mwakani kabla msimu haujaanza. Kocha aliyemsajili alikuja mpaka nyumbani akakaa na sisi jioni nzima, na wala hakuongea mpira tu, alimuuliza dogo anataka kusomea nini, akataka kujua hesabu anaziwezaje maana kijana anataka uhandisi, mama yake ndo akasema basi mtoto aende hapo. Sasa msimu wao umeisha na umeisha vibaya, wameshinda 5, sare 5, wamefungwa 7, mashindano ya konferensi (kundi la vyuo wanalocheza nalo ligi) hawakutia mguu, na mwaka jana nako mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hawakuingia. Mashabiki wanasema atimuliwe. Mi nimezoea ligi za kulipwa, timu ikifungwa mfululizo kocha anafungashiwa virago katikati ya msimu. Vyuoni inakuaje? Nani anaamua, anaangalia nini, na kocha akiondoka mtoto wangu anabaki na nini mkononi, skolashipu yake (ufadhili wa masomo) inabaki? Naomba ukweli, msinipe moyo tu.

beki_wa_kushoto

Mzee punguza presha kwanza. Nimecheza soka la chuo huku na nikuambie, msimu mmoja mbovu ni nadra sana kumuondoa kocha wa soka. Wenzetu wa mpira wa kimarekani ndo wanaishi roho juu, uwanja wa watu elfu 80, hela za televisheni, matajiri waliosoma hapo wanapiga simu kila Jumapili. Soka halileti hela, na ukiwa hauleti hela hakuna anayekukodolea macho kihivyo. Mkurugenzi wa michezo pale chuoni ndo bosi wa makocha wote, na wiki ile ya Novemba soka linapoisha yeye ana mpira wa kimarekani unaoungua na basketi ndo inaanza.

Angalia makocha walivyokaa vyuoni. Sasho Cirovski yuko Maryland tangu 1993. George Gelnovatch anaifundisha Virginia tangu 1996. Kwa wanawake Anson Dorrance alikaa North Carolina kuanzia 1979 mpaka 2024, hiyo ni miaka 45 wakuu. Na sio kwamba hawa hawajawahi kupitia vipindi vigumu. Maryland 2018 walianza msimu mechi za mwanzo mfululizo bila kuona nyavu, hata goli moja la bahati hamna, watu wakasema mzee amechoka apumzike, Desemba wanamfunga Akron 1-0 na kubeba kombe la taifa. Na Ian McIntyre alipopewa Syracuse 2010 misimu yake 2 ya kwanza alifungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, wangemtimua pale leo wasingekuwa na ubingwa wa 2022 walioupata kwa penati dhidi ya Indiana. Kwa hiyo kocha wako ana nafasi, asikudanganye mtu.

kocha_msaidizi

Naheshimu alichosema beki hapo juu lakini hayo majina aliyotaja ni ya watu waliokwisha kubeba makombe, wana akiba. McIntyre peke yake ndo mfano unaofaa kwa swali la mzazi, na kwa kila mmoja kama yeye wapo wengi waliooneshwa mlango kabla mti haujazaa. Mi nafanya kazi hii, ni msaidizi, nishaondoka chuo kimoja kwa staili hiyo hiyo, acha nieleze inavyoenda.

Ukiangalia matokeo utapotea. Uliza mkataba wake umebaki muda gani. Kocha aliyebakiza mwaka mmoja hawezi kusajili, kwa sababu anayeongea naye leo ni mtoto wa miaka 16 au 17 atakayefika chuoni baada ya mwaka au miwili, na mzazi mwenye akili atauliza "we mwenyewe utakuwepo?". Kocha hana jibu. Sasa mkurugenzi wa michezo akiona mkataba umefika hapo anabaki na njia 2, amuongezee au amuondoe, kumuacha vile vile ni kuiua timu polepole. Ndo maana utakuta kocha ana msimu mbaya kabisa akiwa na miaka 4 mkononi anaachwa, na mwingine ana msimu wa kawaida tu anaondolewa kwa sababu karatasi imeisha. Na msidhani kuvunja mkataba wa soka kuna gharama ya kuogofya. Texas A&M walipomfukuza Jimbo Fisher wa mpira wa kimarekani 2023 walijifunga kumlipa zaidi ya dola milioni 75. Kwenye soka hamna kitu cha namna hiyo, vyuo vingi malipo ya kumtoa ni mshahara wa muda uliobaki, na vingine mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja. Kwa hiyo hela haimlindi.

Kitu cha pili ni mkurugenzi mwenyewe. Aliyemwajiri kocha huwa anamvumilia maana kumfukuza ni kama kusema nilichagua vibaya. Akija mkurugenzi mpya hana deni na mtu, na msimu mbovu unampa sababu ya kuleta mtu wake. Hilo tunaliogopa kuliko kufungwa.

Tatu, wanaangalia mambo ambayo shabiki hayaoni. Mwisho wa msimu wachezaji wanajaza fomu za siri kumhusu kocha, na wakubwa wanazisoma neno kwa neno. Wanaangalia wangapi wamehama. Wanaangalia darasani, kuna kipimo cha NCAA kinaitwa APR, timu ikishuka chini ya 930 kwa wastani wa miaka 4 inaweza kufungiwa kucheza hatua ya mtoano ya taifa, hapo kocha hata akishinda mechi yuko pabaya.

Na kombe nalo halikulindi milele. Mike Freitag alimpokea Jerry Yeagley pale Indiana 2004, mwaka huo huo wa kwanza akachukua ubingwa wa taifa, na baada ya msimu wa 2009 hawakumuongezea mkataba. Timu ilikuwa inaingia NCAA kila mwaka! Ila Indiana kuingia tu sio sherehe, wao wanataka kufika mwisho. Kwa hiyo mzazi, kwenye chuo chako mafanikio ya kawaida kwao ni yapi, hilo nalo uliza.

Inavyotokea: mechi ya mwisho Jumapili, Jumatatu saa 3 asubuhi kocha mkuu anaitwa ofisini dakika 20, saa 5 sisi wasaidizi tunaitwa, saa 7 wachezaji wanapata ujumbe wa kikao, jioni taarifa iko kwenye tovuti inasema tunamshukuru kwa mchango wake. Mi siku hiyo nilikuwa nakata video za mpinzani wa kwanza wa mwaka unaofuata. Msaidizi mara nyingi anaondoka na bosi wake, na kama uko hapa kwa viza ya kazi ya H-1B unapewa mpaka siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kubadili hadhi, la sivyo ufunge mizigo. Nina rafiki alikuwa na mtoto mchanga wakati huo. Kwa hiyo mashabiki wanapoandika "timua wote" wajue kuna familia ndani ya hiyo sentensi.

mdau_wa_boli

Niongezee hapo, mambo yamebadilika sana hii miaka ya karibuni na mi naona uvumilivu umepungua. Zamani kocha alikuwa anasema "nipeni miaka 4, nijenge na vijana wangu", ikakubalika. Tangu ije ile orodha ya uhamisho ya NCAA mwaka 2018, na 2021 wakaruhusu wachezaji wa michezo yote wahame mara ya kwanza bila kukaa nje mwaka mzima, timu inaweza kubadilika ndani ya miezi 8. Unaleta watu wazima waliokwisha cheza vyuo vingine, unaleta vijana kutoka akademi za Ulaya, unakuwa tishio. Marshall walibeba ubingwa wa msimu wa 2020 kikosi kimejaa wachezaji wa nje ya Marekani. Mkurugenzi akiona hivyo anajiuliza kwanini wa kwangu anaomba miaka 4.

Halafu kuna lile suluhu la kesi ya House, wanamichezo walioishtaki NCAA kuhusu malipo, lililopitishwa na mahakama Juni 2025. Chuo kinachoshiriki kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja mpaka kama dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza, na hizo hela nyingi zinaenda mpira wa kimarekani na basketi. Soka la wanaume lilikuwa na kikomo cha skolashipu 9.9 ambazo kocha anazigawa vipande vipande, sasa kwa vyuo vinavyoshiriki kikomo hicho kimeondolewa wakaweka kikomo cha wachezaji 28. Chuo chenye uwezo kinaweza kuwasomesha wote 28, kisicho na uwezo hakiongezi hata senti. Makocha wa vyuo hivyo 2 wanaweza kuwa konferensi moja, wanapimwa kwa msimamo mmoja. Hii kwa kweli inaniuma, mtu anafukuzwa kwa kushindwa mbio ambazo mwenzake kaanzia mbele.

Na mzazi, hizo sare 5 usizidharau. Tangu 2022 mechi za kawaida hazina tena dakika za nyongeza, sare inabaki sare. Angalia pia walicheza na nani. Kwenye ACC, moja ya konferensi ngumu kabisa, timu nzuri tu inaweza kumaliza mkiani kwa sababu kila wiki inakutana na bingwa wa zamani.

mzazi_namba8

Nimewasoma wote asanteni sana. Kocha msaidizi pole kwa yaliyokukuta, ile ya viza imenigusa. Nimeangalia, mkurugenzi wa michezo pale ni mpya, hana hata mwaka. Mkataba wa kocha sijui umebaki kiasi gani. Je ni utovu wa adabu nikimuuliza mwenyewe? Na hapo kwenye skolashipu bado sijajibiwa.

kocha_msaidizi

Muulize mzee wangu, na sio utovu wa adabu kabisa. Mpigie uongee naye, usiandike meseji. Mwambie "kocha, sisi tunakupenda na tumekuja kwa ajili yako, tunaomba kujua mkataba wako unafika mwaka gani na kama umeshakaa na mkurugenzi baada ya msimu". Atakayekujibu kwa mwaka kamili ana kitu. Akizunguka zunguka, nawe umeshajua. Kama ni chuo cha umma, mkataba wake kwa kawaida ni nyaraka ya umma, unaweza kuiomba.

Skolashipu ni ya chuo, sio ya kocha. Akiondoka haondoki nayo. Ile barua ya zamani ya kujifunga na chuo ilifutwa Oktoba 2024, siku hizi kinachobeba uzito ni makubaliano ya msaada wa kifedha aliyosaini kijana. Kaa uyasome usiku huu, tafuta vitu 2: ni ya mwaka mmoja au ya miaka yote 4, na wamesema nini kuhusu kupunguza au kutoongeza. Kama ni ya mwaka mmoja, uliza chuo kabisa ni kwa sababu zipi inaweza isiongezwe kocha akibadilika. Ila hela kubaki na namba kubaki ni vitu tofauti, kocha mpya na kikomo cha watu 28 anaweza akamwambia kijana waziwazi kwamba hamuoni kwenye mipango yake.

mama_wa_kipa

Baba pole, tulipita hapo na binti yetu. Kocha wake aliondolewa baada ya msimu, wakakaa wiki kadhaa hawana kocha, wasichana wanafanya mazoezi ya gym wenyewe wanatazamana. Wachezaji wa timu iliyoondokewa na kocha wanafunguliwa dirisha lao la kuhama, na siku zile za mwanzo simu ya mtoto haipumziki, kila mtu anamwambia hama. Sisi tulimwambia usihame mpaka umekaa na kocha mpya uso kwa uso. Akaja, akaita mmoja mmoja, akamwambia wangu "sikujui, nioneshe". Wenzake 3 aliwaambia watafute pengine. Wetu alibaki, msimu uliofuata alikaa benchi karibu wote, ila alikuwa anasoma uuguzi na kile kitengo ndo alichokuwa anakitaka tangu mwanzo kwa hiyo hakulia sana.

Na sio lazima iwe balaa. Dorrance alipostaafu Agosti 2024 siku chache kabla ya msimu, msaidizi wake Damon Nahas alishika timu kwa muda na Desemba wakabeba ubingwa. Tena hata kocha akifanikiwa unaweza kumkosa, Vermont walichukua ubingwa wa wanaume 2024, kocha wao Rob Dow akaenda Penn State. Waliosaini kwa ajili yake nao ilibidi waamue upya.

Swali la kumuuliza kijana wako ni kama uhandisi wa pale anautaka hata kama kocha ni mwingine. Muulize bila mama yake kuwepo, atajibu vizuri zaidi.

mzazi_namba8

Nimeyafungua makubaliano sasa hivi, ni ya mwaka mmoja, inaongezwa kila mwaka. Kocha nampigia kesho mchana. Na kijana nimemuuliza kuhusu uhandisi, anasema maabara yao aliipenda siku ile ya kutembelea kuliko hata uwanja. Nitaleta mrejesho.