Kipimo cha mate cha ugonjwa wa fizi
Jamani, mamangu hapa Kisauni ana sukari na fizi zamtoka damu akipiga mswaki. Kile kidude cha kupima bakteria kwa mate chapatikana Mombasa?

— Pole ndugu. Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, walitangaza chao 2022, chatafuta sumu ya bakteria Porphyromonas gingivalis, sasa kuna kimeng'enya cha mate, amilesi, kikawa chavuruga majibu, ndo wakatia wanga wa viazi kwanza ukakinasa. Akili hiyo naipenda sana!

— Usingoje kidude lakini. Sukari na ugonjwa wa fizi vyachocheana. Mpeleke kwa daktari wa meno apimwe kina cha nafasi kati ya jino na fizi, atolewe ugaga, na umwambie daktari kuwa mama ana sukari.

— Shukran, kesho twaenda inshallah.