Paneli ya kengele ya moto: taa ya njano haizimiki

Mtunza jengo, Mbeya: Habari wakuu. Paneli ya kawaida ya zoni 8 (kila zoni ni eneo la jengo lenye vihisi vyake), jengo la ghorofa 4. Tangu baridi ya Juni ianze, taa ya njano ya hitilafu inawaka zoni 3, na zoni 5 inapiga king'ora alfajiri bila moto. Nianzie wapi?

Fundi umeme, Iringa: Mkuu, hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye. Njano zoni 3: waya umekatika, au kihisi kimechomolewa (wapaka rangi dari huvirudisha vibaya). Waarifu walinzi, chomoa waya za zoni hiyo kwenye paneli, upime kwa mita. Mita inapaswa kuonyesha thamani ya rezista ya mwisho wa laini (inayofungwa kwenye kihisi cha mwisho cha zoni) iliyoandikwa kwenye kitabu cha paneli, mfano kilo-omu 4.7 au 6.8. Mita isiposoma kitu, fuata kihisi kimoja kimoja hadi mwisho. Tafadhali usifunge rezista ndani ya paneli ili taa izimike! Zoni nzima itabaki bila ulinzi.

Fundi, Uyole: Zoni 5 kagua umande. Kihisi moshi hakitofautishi moshi na mvuke, hivyo karibu na bafu au jiko weka cha joto. Na usiriseti kabla mtu hajaenda kuangalia.

Fundi umeme, Iringa: Betri pia. Ni mbili za volti 12, zimeungwa mfululizo. Zima umeme wa paneli ibaki na betri tu: volti zikiporomoka ndani ya dakika chache, badilisha zote mbili pamoja.